Meli ya Karatasi na Upana wa Dohani

Mmeniuliza ile meli ya kivita mnayoonyeshana kwenye simu ina vipande vingapi. Sijui. Nilianza kuhesabu, nikafika mia nne na kitu, kisha kuku akaingia ndani akatembea juu ya meza, na tangu siku hiyo sijahesabu tena. Wengine mmeuliza ni karatasi gani, gundi gani, na kama inaelea. Haielei. Ukiiweka majini itakuwa uji kabla hujamaliza kuipiga picha. Hayo mengine nitawajibu, lakini mtanivumilia, maana siwezi kueleza hiyo meli bila kueleza watu wake.

Mimi sikuwa mjenzi wa meli. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikijalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Migori. Nilishona rejista za makanisa, daftari za shule, vitabu vya risiti, na kazi za wanafunzi wa chuo waliokuja jasho likiwatiririka kwa sababu mwalimu anataka kitabu kesho asubuhi. Aliyenifundisha ni Mzee Chacha, Mkuria mrefu aliyekuwa na dole gumba pana kama kijiko. Wiki yangu ya kwanza hakunipa sindano wala gundi. Kila asubuhi alinipa karatasi moja na kuniambia niipasue.

Nikapasua kwa urefu, ikapasuka moja kwa moja. Nikapasua kwa upana, ikaenda kombo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nimwambie mimi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne nililowesha kipande kwa mate, nikaona kinajikunja upande mmoja tu, kamwe si upande mwingine, ndipo nikaelewa kwamba karatasi ina nyuzi, kama ubao. Hujikunja kirahisi kufuata nyuzi, na ikipata unyevu hutanuka kwa upande unaozikata nyuzi hizo. Mzee Chacha hakunipongeza. Alinipa sindano. Baadaye nilimjua vizuri zaidi: hakujibu swali lolote ambalo karatasi yenyewe ingeweza kulijibu.

Msidhani nilikuwa fundi tangu hapo. Niliwahi kujalidi daftari la ubatizo la parokia moja na kurasa zote zikiwa zimesimama kichwa chini. Padri alilifungua mbele yetu, akalitazama, akaligeuza, akaligeuza tena, kisha akasema kwa upole kwamba labda tumtafutie pia watoto wa kubatizwa kwa miguu. Mzee Chacha alilitia jalada jipya mwenyewe, nami nikakaa wiki nzima nikitamani anigombeze.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani Magunga. Nilikuwa na meza, rula ya chuma, visu viwili, mfupa wa kukunjia karatasi, na mikono iliyozoea kuwa na kazi. Nikawa najalidi Biblia za watu zilizochakaa. Siku moja akaja Millicent, mwalimu wa shule ya msingi kule Ndhiwa, ambaye zamani nilimjalidia kazi yake ya chuo. Alikuwa amemshika mkono baba yake, Mzee Okeyo, mtu mrefu mwenye miwani myeusi na fimbo. Presha ya macho ilikuwa imemmalizia uwezo wa kuona miaka michache iliyopita.

Mzee aliketi, akaniuliza kama nimewahi kuona meli. Nikamwambia nimeona feri na mitumbwi ya ziwani, basi. Akatoa bahasha, na ndani yake picha moja ya zamani: meli ya kijeshi ya rangi ya kijivu imefungwa gatini, imepigwa kutoka ubavuni. Alihudumu ndani yake ujana wake wote, huko pwani.

"Nataka unijengee hii," akasema. "Si ya kuangalia. Ya kushika."

Nikamwambia siijui meli, sijui hata pa kuanzia.

"Mimi naijua," akasema. "Wewe una mikono na macho. Tukiungana tunakuwa mtu mmoja mzima."

Nikamuuliza anaitakia nini. Akasema kuna kitu amekuwa akitaka kujua kwa muda mrefu, na hakuna mtu anayeweza kumwambia ila meli yenyewe. Hakusema zaidi. Nakiri kwamba kilichonikamata ni hicho. Ningekataa pesa, lakini sikuweza kukataa swali nisilolijua.

Basi sikilizeni namna tulivyoanza, kwa maana hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Mnakata kwanza, mnapima baadaye. Sisi tulianza na kipimo. Mzee alikumbuka urefu wa meli kutoka omo mpaka tezi, yaani mbele kabisa mpaka nyuma kabisa: mita thelathini na mbili. Kila askari alikariri hivyo siku ya kwanza. Nikaamua kila mita moja iwe sentimita mbili, ili meli iwe na sentimita sitini na nne. Ingekuwa ndogo zaidi, vidole visingeingia kwenye milango. Kwa kipimo hicho mzee mwenyewe angekuwa na urefu wa kidole changu kidogo mpaka kiungo cha pili.

Zamani ningekaa siku tatu na penseli nikihamisha kila mstari wa picha kwenye karatasi kubwa. Millicent aliipeleka picha kwenye saiba, duka la kompyuta pale Ndhiwa, ikakuzwa vipande vipande, tukaviunganisha mpaka meli ikawa na sentimita sitini na nne kamili mezani. Kuanzia hapo sikuhitaji hesabu. Nikitaka kujua mlango una kimo gani, naweka rula juu ya picha. Msinichekee kwamba mimi ni wa kale. Nilifurahia mashine hiyo mpaka nikacheka peke yangu.

Umbo la meli hutengenezwa kama samaki: uti mmoja mrefu wa kadibodi chini, na mbavu zikichomekwa juu yake, kila moja pana au nyembamba kuliko jirani yake. Juu ya mbavu unavalisha ngozi ya karatasi ya manila. Nilikata ngozi hiyo usiku wa mvua za masika, nimechoka, nikasahau somo la wiki yangu ya kwanza. Nyuzi zilikaa upande usiofaa. Unyevu wa ziwa ukaingia, na baada ya siku mbili meli ilikuwa imejipinda kama samaki aliyekaangwa mkia ukiwa nje ya sufuria. Mzee Okeyo alipokuja alipitisha mkono juu yake, akauliza, "Imegonga mwamba?" Nikaitupa, nikaanza upya. Mkono wangu uliokuwa na ujuzi wa miaka thelathini ulinisaliti kwa sababu sikuipasua karatasi kwanza kuiuliza.

Gundi yangu ni uji wa unga wa ngano uliochujwa kwa kitambaa, na matone mawili ya mafuta ya karafuu ili mende wasiule. Ndivyo Mzee Chacha alivyofanya, na ndiyo sababu wateja wetu wa Migori walilalamika kwamba vitabu vyao vinanukia kama kwa daktari wa meno. Kwa vipande vidogo nilitumia gundi nyeupe ya dukani, kidogo tu, kwa ncha ya kijiti. Mtutu wa mzinga niliukunja juu ya spoku ya baiskeli, nikauzungusha mpaka ukakaza, kisha nikachomoa spoku. Vyuma vya kushikilia pembeni mwa sitaha ni uzi mweusi uliolowekwa gundi na kukaushwa ukiwa umenyooshwa. Kabla ya rangi nilipaka vanishi, kwa sababu rangi ya maji juu ya karatasi tupu huleta makunyanzi. Nilimuuliza mzee kwa nini nipake rangi na yeye haioni. Akasema meli ya kivita haitoki gatini bila rangi, isije ikaaibika mbele za watu.

Alikuja kila Jumapili mchana. Millicent alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake mlangoni, sisi tukabaki na meli. Vidole vyake vilikuwa vikali kuliko macho yangu. Aligusa mlango mmoja akaniambia bawaba zake nimeziweka upande usiofaa. Nikabishana, kwa kuwa pichani hazionekani. Akanieleza kwamba bawaba za mlango wa sitahani hukaa upande wa mbele, ili wimbi linalotoka mbele likiupiga liufunge, lisiufungue. Jambo dogo, lakini nilikaa nikiliwaza siku nzima. Mtu fulani, mahali fulani, alifikiria hilo. Naye aliniuliza maswali yake: kwa nini naikunja karatasi kwa mfupa na si kwa kucha, kwa nini nachora mkunjo kwa nyuma ya kisu kwanza. Tulikuwa kama watoto wawili waliofungua redio.

Sasa nieleze tatizo, na hapa mnifuate vizuri. Picha ya ubavuni inakupa urefu na kimo. Haikupi upana. Upana wa meli yenyewe mzee aliujua. Lakini katikati ya sitaha, nyuma ya chumba cha usukani, kulikuwa na dohani, yaani bomba kubwa la moshi, na bomba hilo lilizungushiwa kijumba cha chuma. Upana wa kijumba hicho nisingeupata pichani. Mzee alisema hilo si shida, kwani alikipaka rangi mara nyingi mno na anakumbuka kwamba upande wake wa nyuma ulikuwa hatua tano. Nikamtoa uani, nikamwomba atembee hatua tano, nikapima kwa futi ya kamba. Ikatoka mita mbili na nusu. Nikakata kijumba cha sentimita tano, nikakigandisha, nikaridhika.

Tulimaliza mwezi wa tano tangu tuanze. Mzee Okeyo aliketi na meli mapajani muda mrefu, akiipitia kutoka omo hadi tezi, midomo ikichezacheza kama mtu anayesoma. Kisha akaniomba uzi. Alipoushika ndipo akanieleza.

Alikuwa na rafiki melini, Mwita, kijana wa Ntimaru. Mluo na Mkuria, na huko pwani wote wakiitwa watu wa bara, basi wakawa ndugu. Alasiri moja bahari ikiwa imechafuka, Okeyo alikuwa zamu kwenye roshani ndogo iliyo kando ya chumba cha usukani, upande wa kulia. Kazi yake ilikuwa kutazama mbele na kulia. Mwita alikuwa nyuma kabisa, kwenye pembe ya kushoto, akikunja kamba. Wakati wa chai Mwita hakuonekana. Meli iligeuzwa, wakamtafuta siku hiyo na siku iliyofuata, hawakumpata. Waliohoji walisema ni wimbi tu, hakuna mwenye kosa.

"Lakini mimi nilisikia kitu," akaniambia. "Kama sauti. Nikasema ni upepo, sikugeuka. Kama ningegeuza shingo, ningemwona? Hilo ndilo ninalotaka kujua. Meli ilishavunjwa kuwa vyuma chakavu. Picha siioni. Nimebaki na wewe."

Nilishika ncha moja ya uzi pale kwenye pembe ya nyuma kushoto. Yeye akashika nyingine kwenye roshani, kwenye kimo cha macho ya askari. Tukauvuta. Uzi ulipita karibu sana na kona ya kijumba cha dohani, lakini ulipita. Haukugusa kitu. Alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi ningemwona," akasema.

Aliniwekea meli mezani taratibu, akaniomba nimwite Millicent, wakaondoka. Meli hakuichukua. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Millicent alinipigia simu akasema baba anakaa ndani, anakula kidogo, na akiulizwa anasema hana neno.

Nilikaa na ile meli. Nimeharibu vitabu vingi maishani, lakini kitabu kilichoharibika hakimwambii mtu kwamba alimwacha rafiki yake afe. Nilijiambia huenda ni kweli na si kazi yangu. Hata hivyo kulikuwa na kitu kikinisumbua, na sikujua ni nini mpaka nilipokwenda sokoni Ndhiwa kutafuta unga.

Kulikuwa na kijana akipima mahali pa kusimamisha kibanda chake. Hakuwa na futi. Alitembea tu kwa hatua ndefu za mtu mwenye magoti mazima, akachora mstari kwa kisigino. Nikasimama pale pale na mfuko wangu. Hatua za Okeyo nilizopima uani zilikuwa za mzee kipofu mwenye fimbo. Aliyepaka rangi kijumba cha dohani hakuwa mzee huyo. Nikamwendea yule kijana, nikamwomba anitembelee hatua tano. Akanitazama, akamtazama mwenzake, akaniuliza kwa lugha ya vijana wanavyotuita sisi akina mama, "Mathe, uko sawa?" Nikasema niko sawa, tembea tu. Nikapima. Mita nne.

Nilipofika nyumbani furaha yangu ilishanitoka, kwa sababu nilijigundua. Nilitaka sana jibu hilo liwe kweli. Fundi anayejua jibu analolitaka ni mtu hatari mwenye rula. Ningeweza kukata kijumba cha sentimita nane, kumwita mzee, kuvuta uzi, na uzi ungegonga ukuta. Angeniuliza nimejuaje, ningesema kijana mmoja sokoni. Yeye si mjinga. Angejua nimeupanua ukuta kwa huruma, na jibu la huruma lisingemfaa kitu.

Nikakaa siku mbili nikifikiri Mzee Chacha angefanya nini. Angeiacha karatasi ijibu. Basi nikatengeneza vijumba viwili, kimoja cha sentimita tano na kingine cha nane, rangi moja, kimo kimoja, kila kimoja kikichomekwa na kuchomolewa. Nikaficha uzi wote uliokuwa mezani, nisishawishike kuuvuta kabla yake. Nikaenda Ndhiwa na meli imefungwa ndani ya katoni ya maziwa, nikamkuta Mzee Okeyo kitini, nikamwambia nimekuja na swali moja tu. Sikumwambia habari ya hatua wala ya soko. Millicent akasimama karibu, nilitaka awe shahidi.

Nikachomeka kijumba cha kwanza, chembamba. Nikamwomba aweke kidole kwenye njia iliyopo kati ya kijumba na vyuma vya pembeni, aniambie kama ndivyo palivyokuwa. Akapitisha kidole. Akasema pana nafasi. Nikachomoa, nikaweka cha pili. Akapitisha kidole, akasimama katikati. Akarudi nyuma. Akapita tena.

"Hapa," akasema polepole. "Hapa watu wawili hawapishani wakitembea. Mmoja lazima asimame, mgongo ukutani. Na ule ukuta ulikuwa moto, dohani iko ndani yake. Mwita alikuwa mjanja. Akiniona natoka upande ule alikimbia ili awahi upande wa vyuma, mimi nibaki upande wa moto. Nilikuwa na mashati yenye alama mgongoni." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ile nyingine uliyonipa kwanza, nyar Magunga, pale ng'ombe wawili wangepishana."

Nyar Magunga ni binti wa Magunga. Hakuwa ameniita hivyo kabla.

"Una uhakika, jaduong'?" nikamuuliza, yaani mzee wangu.

"Mgongo wangu una uhakika."

Ndipo nikamweleza yote: hatua zake za leo, hatua za kijana wa sokoni, sentimita tano na sentimita nane. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kama nilitengeneza vyote viwili kabla ya kuja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama yeye angechagua chembamba ningefanya nini. Nikasema ningefunga katoni yangu nikarudi Magunga, na ukweli ungebaki ulivyokuwa. Akamwuliza Millicent kama ndivyo ilivyokwenda. Millicent akasema ndivyo, baba.

Akaomba uzi. Nilikuwa nimeuacha nyumbani, Millicent akachomoa mmoja kwenye kitambaa cha meza. Tukauvuta kutoka roshani hadi pembe ya nyuma kushoto. Ulipinda kwenye kona ya kijumba cha dohani, ukakunjika kama goti. Alipitisha kidole akafika kwenye ukuta, kidole kikasimama. Akarudia. Akaniondoa mkono, akaomba ncha zote mbili azishike mwenyewe. Alifanya hivyo mara nyingi, sikuhesabu, chai ikapoa.

"Hata ningegeuka, ningeona ukuta," akasema hatimaye. Kisha akaongeza, "Habari ya sauti bado sijui. Hiyo karatasi haiwezi kunijibu. Lakini macho, najua."

Nilidhani kazi imeisha. Wiki hiyo hiyo Millicent akanipigia kusema baba anataka kwenda Ntimaru na anataka niende naye, kwa sababu meli ikiumia njiani nani ataitibu. Tukaenda sote watatu. Njiani, tukipita Migori na kupanda kuelekea Kuria, mzee alinieleza kwamba alifika kwa akina Mwita mara moja tu, kwenye matanga. Mama yake Mwita alimshika mkono akamuuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Hakuweza kujibu. Hakurudi tena. Mama huyo alishafariki. Amebaki dada, anaitwa Robi, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule.

Robi sasa ni mama mtu mzima, kichwa chake cheupe. Tulimkuta akianika mahindi uani. Alimtazama Mzee Okeyo kwa muda, akamshika mkono akamketisha, akatuletea maji kabla ya kuuliza lolote. Mzee aliomba ruhusa aseme alichokuja kusema. Alisema kila kitu kwa Kiswahili chake cha pwani, taratibu, hata habari ya sauti, ambayo ningekuwa mimi ningeiacha. Akamwekea meli mapajani, akaushika mkono wake na kuutembeza: hapa nilikuwa mimi, hapa alikuwa yeye, hapa katikati ni ukuta.

Robi aliitazama meli yote. Aliinama akachungulia kwenye vidirisha vya chumba cha usukani. Akagusa ngazi.

"Kumbe ni nyumba," akasema.

Hatukuelewa. Akatueleza kwamba mama yao hakuwahi kuona meli maisha yake yote. Alijua mtumbwi tu, ule wa kuvukia mto. Alikuwa akimuuliza kila mtu aliyetoka pwani mtoto wake alikuwa wapi na wenzake walikuwa wapi, kwa maana hakuelewa mtu anaangukaje kutoka ndani ya mtumbwi na aliyekaa naye asimwone. "Hakuwa anakulaumu," Robi akamwambia. "Alikuwa anauliza tu. Hakuna aliyemchorea."

Mzee Okeyo alivua miwani akafuta macho yake yasiyoona. Millicent alisogea kando kidogo. Mimi nilijishughulisha na vyuma vya pembeni ambavyo havikuwa na tatizo.

Kisha Robi akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Akauliza Mwita alikuwa akilala wapi.

Mzee akaweka kidole kwenye sitaha ya mbele, karibu na mzinga. Chini ya hapa, akasema, upande wa kushoto, kitanda cha chini. Robi akauliza kama mle ndani kumetengenezwa. Nikamwambia hapana, mle ndani ni mbavu za kadibodi tu, sikujua kama mtu angetaka kuingia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Sitaha ile ya mbele ilinichukua wiki tatu. Kila ubao wake niliuchora kwa mkono. Nilitoa kisu mkobani, nikaweka rula, nikaikata pande tatu, nikaikunja wazi kama kifuniko cha sanduku. Mzee alisikia kisu akajua ninachofanya, akaanza kunieleza: kitanda kifupi kuliko mtu, mkeka mwembamba, rafu ya viatu. Nikakunja kitanda kwa kipande cha karatasi nilichochana kwenye ile bahasha ya picha, sentimita tatu na nusu, nikakitia gundi pale kidole chake kilipoonyesha. Robi akauliza kichwa kilikuwa upande gani. Upande wa omo, mzee akasema. Kabla gundi haijashika, Robi akakigeuza kitanda kwa ukucha wake, kichwa kikaelekea mbele.

Tulikubaliana meli ibaki kwake. Nikauliza kama nirudishe kifuniko na kukigandisha.

"Mle ndani kulikuwa na joto?" akamuuliza Mzee Okeyo.

"Joto sana, dada."

"Basi usifunike," Robi akaniambia.